Kiti cha Meneja

Mwanetu tulimwita Meneja kwa sababu moja tu: kazi yake karakanani ilikuwa kukaa kwenye kiti na kutazama wengine wakifanya kazi. Jina lake la cheti lipo, limelala kabatini pamoja na cheti chenyewe. Wakati wa safari ile alikuwa na mwaka mmoja na miezi kumi.

Mume wangu ni seremala. Vitanda na makabati anatengeneza kazi zikipungua, lakini ugonjwa wake ni milango. Akipita mbele ya nyumba ya watu hatazami nyumba, anatazama mlango, na mara mbili nimemwombea radhi kwa wenye nyumba waliodhani anachungulia. Mimi ndiye ninayepiga msasa wa mwisho na vanishi, kwa hiyo siwezi kumcheka sana, maana ninao wazimu huohuo. Karakana imeshikana na nyumba. Ukitoka jikoni hatua mbili, umeshakanyaga maranda.

Mtoto alipoanza kutembea, akaanza kuokota misumari. Siku niliyomtoa skrubu chini ya ulimi nililia mpaka sauti ikakauka. Mama mkwe akaja, akatutazama, akasema samaki mkunje angali mbichi. Basi tukamkunja.

Mume wangu alimtengenezea kiti chake, chenye mgongo na mikono pande zote mbili, tukamwekea sheria. Nyundo ikilia, Meneja anakimbia, anapanda kitini, anaweka mikono magotini na kunyamaza. Haongei wala hashuki, hata umwite. Anashuka akisikia ufagio tu. Ufagio ukianza, maana yake kazi imekwisha na misumari imeokotwa, na baba yake anasema, "Haya, Meneja, kazi imekwisha leo." Hapo ndipo anapokuja na kopo lake kuokota maranda yaliyojikunja. Ilituchukua miezi miwili na pakiti sijui ngapi za biskuti. Mimi mwenyewe nilikuwa namjaribu: naigonga meza, anapanda, kisha namwita kwa sauti tamu, biskuti mkononi. Akishuka, hapati. Asiposhuka, ndipo namletea.

Na kila alipofanya sawasawa tulimpigia makofi. Ikafika mahali hawezi kufanya jambo lolote jema bila kugeuka kuyasubiri makofi yake. Akikuta kandambili za baba yake zimezagaa anaziokota, anazipanga kando ya ukuta karibu na mlango, vidole vikitazama ukutani, kisha anageuka. Jirani yetu mwenye gereji alisema mtoto huyu ana adabu kuliko mafundi wake wote. Nilijivuna, sifichi. Nilivimba kichwa mpaka nikawa nawaonyesha wateja.

Likizo ilikuwa wazo langu. Miaka mitano ya ndoa, na mbali kuliko kote tulikowahi kwenda pamoja ni msibani. Wifi yangu, aliyewahi kukaa mji ule, alitutafutia chumba kwenye jengo refu, siku nne, ghorofa ya tano. Mume wangu nilimpa sharti moja: hakuna vifaa. Siku ya kufunga mizigo nilikuta patasi na bisibisi zimeviringishwa ndani ya soksi.

"Baba Meneja, unakwenda kuutengeneza mji?"

"Mtu hajui," akasema, macho chini kama mwanafunzi.

"Ukibeba chuma hata kimoja, mimi nabaki."

Nikavirudisha karakanani mwenyewe huku nikimcheka. Yeye hajanikumbusha jambo hilo hata siku moja. Nalikumbuka mwenyewe, bila kukumbushwa.

Chumba kilikuwa kizuri, nikitendee haki. Kitanda kipana, jiko la kona, bafu lenye maji ya moto, meza iliyoshikizwa ukutani na kiti kimoja. Kimoja tu, tena kisicho na mikono. Dirisha lilikuwa kubwa, la kioo cha kusukuma pembeni, na halikuwa na nondo. Kwetu dirisha bila nondo ni kumkaribisha mwizi, ila ghorofa ya tano, mwizi gani atapanda? Nilimfikiria anayeingia. Anayetoka hakunijia akilini.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa tunajiandaa kwenda kuona wanyama kwenye bustani yao. Meneja alikuwa ameamka analia "gai, gai," anataka magari, na magari yalikuwa chini barabarani. Nikakivuta kiti mpaka dirishani, nikamsimamisha juu yake nimemshika kiuno, tukayatazama mpaka akaridhika. Kisha nikamteremsha, nikaenda kupanga mkoba: nepi, chupa ya maji, kofia, nguo za kubadilisha. Dirisha nililiacha wazi kwa ajili ya joto. Kiti nilikiacha palepale.

Mume wangu alikuwa ametoka nje ya mlango, anausubiri mkoba. Nikamsikia anaguna, ule mguno wa mtu aliyeonja mchuzi mzuri.

"Mama Meneja! Hebu njoo uone mtu alivyofanya kazi."

"Tunachelewa."

"Dakika moja. Njoo uone bawaba hizi."

Niliweka mkoba chini, nikatoka. Ule mlango ulikuwa na kile chuma cha juu chenye mkono unaojikunja, cha kuurudisha wenyewe, na mume wangu alikuwa ameuzuia kwa kandambili yake moja. Alisimama na mguu mmoja mtupu, anapitisha kidole kwenye fremu. Bawaba tatu zimechimbiwa hadi zikalala sawa na mbao. Ukucha haungeingia wala unywele. Mimi nikainama kuiangalia vanishi kwa upande, taa ya ujia ikiwa juu. Ilikuwa imepigwa mara tano au sita, na hakuna hata unyoya mmoja wa brashi uliobaki. Nikasema, "Huyu mtu hakuwa na mtoto mdogo." Tukacheka. Watu wazima wawili, tumesafiri siku nzima kuja kuona mji, tumesimama ujiani kuupapasa mlango.

Meneja akatokea pale mlangoni. Akaiona kandambili. "Kiatu," akasema, kwa sauti ya msimamizi aliyekuta uchafu. Akainama.

Nilimwona. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilimwona akiishika, nikamwona akiivuta, na mikono yangu ilikuwa imeshaanza kukutana ili impigie makofi. Mlango ukarudi taratibu, kitasa kikaingia mahali pake.

Tulicheka tena. Ndiyo, tulicheka. Kisha mume wangu akajaribu kitasa, na kwa nje kilikuwa bomba la kushikia tu, halizunguki. Funguo zilikuwa mezani. Simu zote mbili zilikuwa mezani, kando ya funguo. Kwa ndani kitasa kilikuwa cha kuzungusha, juu ya kichwa cha mtoto.

"Meneja," nikaita. "Baba, uko hapo?"

"Kiatu," akajibu, karibu kabisa, nyuma ya mbao.

"Ndiyo, kiatu. Kaa hapohapo. Mama yupo."

Na angekaa. Naamini angekaa, angeipanga kandambili ukutani na kutusubiri. Ila mume wangu ni mtu wa kilo tisini na mikono isiyojua kukaa bure. Akaanza kuusukuma mlango kwa bega. Haukutikisika. Akaanza kuupiga, kwanza kwa kiganja, kisha kwa ngumi, kisha bega tena, vishindo vikajaa ujia mzima.

Ndipo nikasikia miguu midogo inakimbia. Si kuja kwetu. Inakwenda upande wa pili wa chumba. Kisha kiti kikakwaruza sakafu, kikatulia. Kisha kimya.

Nikamrukia mkono.

"Acha! Acha kugonga!"

"Sasa nitafunguaje?"

"Umemkimbiza kitini! Amesikia nyundo!"

Akashusha pumzi. Uso wake ukalegea kwa nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonimaliza. "Si ndiyo vizuri?" akasema. "Akiwa kitini hachezei jiko. Atakaa kimya tu mpaka tufungue."

"Kiti kiko dirishani," nikasema. "Na dirisha liko wazi."

"Nani ame..." Akaishia hapo. Hakuimalizia sentensi ile, hata baadaye, hata tulipogombana kwa mambo mengine. Aliuweka uso wake kwenye mlango, mikono imeinuka pande zote mbili, kama anayetaka kuupenya kwa paji la uso.

Kiti chake cha nyumbani kina mikono ya kumzuia. Hiki hakikuwa nayo. Cha nyumbani kiko ukutani. Hiki nilikuwa nimekigeuza mgongo uelekee mezani, mbele kukiwa na dirisha, na pa kukalia palikuwa karibu sawa na ukingo wake. Nilimwona akilini kama ninavyouona mkono wangu: mikono magotini, nyayo zinaning'inia, na mbele yake hewa ya ghorofa tano.

"Meneja," nikaita kwa sauti tamu. "Shuka, baba. Shuka uje kwa mama."

Kimya.

"Mama ana biskuti."

Kimya kabisa. Alikuwa anashinda mtihani.

Mlango wa jirani ukafunguka, akatoka mama mmoja mtu mzima, sweta begani, miwani kichwani. Baadaye nilijua ni mwalimu mstaafu, lakini hata kabla ya kujua nilisimama wima alipotutazama. "Mnavunja jengo? Kuna nini?" Nikamweleza, maneno yakianguka ovyo. Hakunihoji mara ya pili. Akatoa simu akampigia mlinzi.

Mlinzi alipanda ghorofa zote tano kwa miguu, gazeti kwapani, mkono mmoja nyundo kubwa, mwingine mtaimbo. Alionekana amefurahi kidogo, kama watu wanavyofurahi wakipata kazi wanayoiweza.

"Funguo za akiba anazo msimamizi," akasema, "na msimamizi yuko upande wa pili wa mji. Nimempigia, anasema nusu saa. Nusu saa yake naijua. Sogeeni. Huu ni mlango wa tatu mwaka huu."

"Mapigo mangapi?" mume wangu akauliza.

"Kumi, kumi na tano. Ni mlango mgumu."

"Najua. Natengeneza milango."

"Fundi wa milango, na umefungiwa nje?" Mlinzi akacheka. "Kweli kinyozi hajinyoi." Kisha akauona uso wa mume wangu, akaacha kucheka.

Akainua nyundo. Nikajibandika mlangoni, mgongo ukigusa vanishi ile ile niliyoisifu.

"Hakuna kugonga."

"Mama, mtoto si yuko ndani?"

"Ndiyo maana. Ukigonga hashuki. Ukigonga kwa nguvu atashtuka, na akishtuka hana pa kuegemea."

Walinitazama kama mtu aliyerukwa na akili. Mwanamke gani anamzuia mwokozi wa mwanawe? Mlinzi akamgeukia mume wangu, mwanamume kwa mwanamume, akitafuta amri. Mume wangu akatikisa kichwa. "Weka chini, kaka. Tafadhali. Iweke chini polepole." Mlinzi akailaza ile nyundo sakafuni kama yai.

Mwalimu akauliza dirisha linatazama wapi. Barabarani, nikasema. "Nyinyi hamwezi kuondoka hapa," akasema. "Mimi nashuka kutazama." Akaenda, na lifti ikachukua muda wake kama kawaida ya lifti unapoihitaji.

Sijui alikaa huko dakika ngapi. Mume wangu aliomba kisu kwa mlinzi, mlinzi akaingia kwa mwalimu, aliyeacha mlango wazi, akaja na kisu cha mkate. Mume wangu akakiingiza kwenye ufa, akakisogeza juu, akakisogeza chini. Ncha ilikuwa inagota kwenye chuma. Aliyeutengeneza alikuwa ameweka kibati cha kuuziba ulimi wa kitasa, kitu ambacho mume wangu mwenyewe huwawekea wateja wake na kuwaambia, "Hapa hata mimi siingii." Kama nisingemwondolea bisibisi yake, angezing'oa skrubu za kibati kile bila hata sauti. Nilimwambia hivyo. Nilimwambia, "Ni mimi niliyekuondolea bisibisi." Akasema, "Nyamaza, mama, nasikiliza." Hakukuwa na cha kusikiliza.

Mwalimu akarudi, anahema. Mkono mmoja ulikuwa umejificha ndani ya sweta lake, sweta amelivaa sasa, amelibana kifuani kama mtu mwenye baridi.

"Dirishani simwoni," akasema. "Nimetazama vizuri. Sijaona kichwa wala mkono. Ila kutoka kule chini, aliyekaa huwezi kumwona. Nimemwacha mwenye duka la hapo chini anatazama juu, hatabanduka."

"Na chini?" mume wangu akauliza.

Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuliuliza lile isipokuwa yeye. Mwalimu alikawia kidogo kujibu.

"Chini hakuna mtoto," akasema. "Mtoto hayupo chini."

Nikakaa sakafuni. Nilitaka kuomba nikasahau maneno yote isipokuwa jina la mtoto, lile la cheti, ambalo hakuna anayelitumia. Nikalirudia hilo.

Ni wakati huo mume wangu aliposimama wima, shingo ameigeuza. Kutoka ghorofa ya chini, kwenye ngazi, ilikuwa inakuja sauti: shwaa, shwaa. Mtu anafagia. Tulitazamana. Sikuwa na haja ya kusema, naye akatoka mbio na kandambili moja, mguu mmoja ukipiga na mwingine kimya. Tukasikia mwanamke anapiga kelele, "We baba! We baba! Ufagio wangu!" Akarudi na ufagio mkononi, nyuma yake mama wa usafi anapanda ngazi mbilimbili, ndoo mkononi, amekasirika kwelikweli. Mwalimu akamshika bega akamnong'oneza. Yule mama akaweka ndoo chini, akajifunika mdomo.

Mume wangu akaanza kufagia. Sakafu ilikuwa ya vigae, imeshafagiwa alfajiri, safi kuliko meza yetu ya kulia. Akafagia palepale chini ya mlango, kwa mikwaruzo mirefu kama anavyofagia kwetu. Kisha ilibidi aseme yale maneno, na ayaseme kwa sauti ya mtu aliyechoka vizuri, anayekwenda kuoga na kula. Alifungua mdomo mara ya kwanza pakatoka pumzi tu. Mara ya pili akasema:

"Haya, Meneja. Kazi imekwisha leo."

Hakuna kitu. Ufagio ukaendelea.

"Kazi imekwisha, Meneja. Njoo uokote."

Kiti kikakwaruza.

Mtu asiyewahi kusimama pale hawezi kujua. Kiti kinakwaruza mtoto akishuka, na kinakwaruza mtoto akienda upande ule mwingine, na sauti ni ileile. Mume wangu hakuacha kufagia. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni, na mkono unakwenda, shwaa, shwaa, kama si wake. Nilimshika mama wa usafi, ambaye sikumjua, nikamfinya mpaka akaguna.

Kisha miguu. Tap, tap, tap, bila haraka. Ule mstari wa mwanga chini ya mlango ukakatika katikati, na vidole vinne vikatokea kwenye upenyo, vinapapasa.

"Anda," sauti ikasema. Maranda.

Hatukuwa na maranda. Vile vidole vilipapasa, havikukuta kitu, vikarudi ndani. Kivuli kikaanza kusogea. Mume wangu akanitazama kwa macho ya kuomba, na mimi sina kitu mikononi. Mlinzi ndiye aliyelivuta gazeti lake kwapani. "Chana," akasema. "Hata ukurasa wa mpira, chana tu." Nikachana ukanda, nikauviringisha kwenye kidole mpaka ukajikunja kama uliotoka kwenye randa, nikausukuma chini ya mlango. Vidole vikarudi. Ukanda ukavutwa.

"Anda!"

Tukaendelea hivyo. Mwalimu alichana, mama wa usafi alichana, mlinzi aliviringisha kwa vidole vyake vinene na vyake ndivyo vilivyokuwa vizuri zaidi. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi ujiani, shavu kwenye kigae, nasukuma. Tukichelewa, kivuli kinaondoka. Ufagio ukinyamaza, kivuli kinaondoka. Mume wangu alifagia dakika arobaini bila kupumzika, mahali pamoja, na alipojaribu mlinzi kumpokea alikataa kwa kichwa. Wapangaji walipita, wakaona watu wazima watano wanafagia pasipo na taka na kuchana gazeti, wakapita pembeni. Hatukuwa na la kufanya zaidi ya hilo. Mwanangu alikuwa umbali wa kiganja, na sikuwa na uwezo wa kumfikia zaidi ya vidole.

Gazeti lilikuwa limebaki ukurasa mmoja, wa matangazo ya vifo, msimamizi alipotoka kwenye lifti, funguo zikilia mkononi. "Poleni, poleni, foleni ya huko si ya kawaida..." Mwalimu akaweka kidole mdomoni kumnyamazisha. Ufunguo ukaingia, ukazunguka mara moja. Mume wangu akausukuma mlango kidogo kidogo, kwa vidole viwili, asimguse aliyekaa nyuma yake.

Meneja alikuwa amekaa katikati ya rundo la karatasi zilizojikunja, mapaja yamejaa. Alitutazama kama watu waliokatiza kazi. Baba yake akamnyakua, akauzika uso kwenye shingo yake.

Mimi niliwapita. Watu wananishangaa nikisimulia, lakini niliwapita wote wawili, nikaenda kulifunga dirisha. Kiti kilikuwa kimegusa ukuta, karibu zaidi ya nilivyokiacha. Nikakibeba nikakitia bafuni, nikafunga mlango wa bafu, ndipo nikarudi kumshika mwanangu. Nilimnusa kichwa, nilimhesabu vidole. Watu wote walikuwa wanacheka na kuongea kwa pamoja. Mama wa usafi aliudai ufagio wake huku anafuta macho.

"Sasa kandambili yangu ameificha wapi huyu?" mume wangu akasema. Alikuwa na ile sauti nyepesi ya mtu aliyetoka hatarini. Akainama chini ya kitanda, akatazama chini ya meza, akafungua hata jokofu, tukacheka. Haikuwepo ukutani. Haikuwepo popote.

Mwalimu alikuwa amebaki mlangoni. Nilimwona anautoa mkono wake ndani ya sweta.

"Baba Meneja," akasema. "Hii hapa."

Mume wangu akaipokea. Akaigeuza. Ilikuwa na vumbi la barabarani.

"Umeitoa wapi?"

"Chini," akasema mwalimu. "Nilishindwa kukwambia wakati ule. Mwenye duka anasema ilimwangukia mbele ya miguu, wakati huku juu mlango unapigwa."

Kicheko kikafa. Msimamizi alianza kusema jambo kuhusu kanuni za jengo, mlinzi akamvuta mkono wa shati. Mume wangu alisimama ameishika kandambili kwa mikono miwili, anaitazama, na midomo yake ilikuwa inasogea bila neno. Nilijua anachohesabu. Na mimi nilikuwa nakihesabu: kiti, dirisha, bisibisi.

Meneja akajinyonganyonga mikononi mwangu mpaka nikamshusha. "Kiatu," akasema. Akaichukua kutoka mikononi mwa baba yake. Akapiga magoti, akaivuta na ile nyingine mguuni, akahangaika nayo mpaka ikatoka. Akaenda nazo zote mbili hadi ukutani karibu na mlango, akaziweka sambamba, vidole vikitazama ukutani. Ile ya kushoto ilikuwa imekaa upande, akairekebisha.

Kisha akageuka. Alisimama wima, mikono imeshuka, macho yanang'aa. Alikuwa amefanya kila tulichomfundisha, toka mwanzo hadi mwisho, bila kukosea hata kimoja. Akamtazama baba yake, na baba yake alikuwa ameufunika uso. Akanitazama mimi, akasubiri.

Nikampigia makofi.